Nina skripti na prodyuza anataka nisaini Ijumaa. Naweza kuandika na kuigiza mwenyewe kama Sharon Horgan, yule mwandishi na mwigizaji wa komedi wa Ireland?

"Salaam. Mimi ni mtoto wa Mombasa, miaka 34, niko Dublin huu mwaka wa nne. Kazi yangu ni nyumba ya wazee, wikendi naigiza na kikundi chetu kidogo. Kila nikienda kasting, kujaribiwa nafasi, napewa nesi, nikikosa nesi napewa mtu wa kufagia. Nikachoka nikaandika mwenyewe skripti ya episodi moja, komedi, dada wa Mombasa anayelea wazee wa Kiairishi, na nafasi kubwa nimejiwekea mimi. Nafuatilia sana habari za Sharon Horgan, naona kila kazi yake jina liko mara mbili mara tatu, mwandishi, mwigizaji, prodyuza. Marafiki wananiambia nimechelewa, na eti nichague moja, ama kuigiza ama kuandika. Sasa kuna prodyuza kaisoma, kaipenda, ananipa karatasi ya opsheni, ya kushikilia haki za skripti yangu, nisaini Ijumaa: euro 1, miaka 3, na nafasi ya kuigiza amesema tutaongea baadaye. Nisaini? Ama nimtumie Sharon Horgan mwenyewe moja kwa moja? Naogopa pia kuibiwa stori."

Dada yangu, kwanza hongera, na sisemi kwa kukupaka mafuta. Mi kazi yangu ni kusoma na kuhariri skripti, na nikwambie ukweli, wanaosema wana stori ni wengi kuliko mchanga, wanaofika kurasa ya mwisho wakaandika mwisho ni wachache mno. We umefika. Sasa hofu zako nimeziona ziko kama nne zimejisokota pamoja, umri, kuchagua, kuibiwa na hiyo karatasi ya Ijumaa. Ya Ijumaa ndo ina haraka lakini nitaichelewesha kidogo, maana usipoelewa hizo habari za Sharon Horgan zinavyotokea hutaelewa kwa nini hiyo karatasi inanitia wasiwasi.

Hilo la kuchelewa tulimalize haraka. Horgan kazaliwa 1970, London, akakulia Bellewstown huko Meath kwenye shamba la wazazi wake la batamzinga, akarudi London akahangaika na vibarua kama sisi wote, chuo kikuu kamaliza 2000 yuko karibu na miaka 30. Tamthilia yake ya kwanza iliyomtambulisha, Pulling, imetoka 2006 ana miaka 36. Catastrophe, ile iliyofanya dunia ijue jina lake, 2015, ana 44. Kwahiyo hao marafiki zako waambie waende wakahesabu upya. Tena ukiniuliza mimi, stori kama yako hiyo ya nyumba ya wazee binti wa miaka 22 angeiandika vibaya, angeandika wazee wanaochekesha tu, asingejua yule mzee anayekuita jina la binti yake usiku na wewe unaitika.

Sasa hizi habari za kazi. Unaposoma "fulani anaandika na kuigiza tamthilia mpya" akili inaona mtu kaamka, kawaza, kapiga simu, kapewa. Kumbe unachosoma ni mlango wa mwisho wa nyumba yenye milango mingi. Inaanza mtu anashika haki za stori. Halafu zinatafutwa hela za kuandaa tu, bado hela za kupiga picha hazipo. Halafu chaneli inalipia skripti. Halafu labda, labda, inalipia episodi moja ya majaribio. Halafu ndo wanaagiza msimu mzima. Komedi ya Motherland ambayo Horgan kaandika na wenzake, episodi ya majaribio ilirushwa 2016, msimu wa kwanza ukaja 2017, na hapo ni BBC na mtu ambaye tayari ana jina. Kwenye kila mlango wanabaki watu. Habari zikisema kazi "inaandaliwa" maana yake iko mlango wa pili au wa tatu, inaweza isitoke milele na hakuna atakayekutangazia kwamba imekufa, inanyamaza tu kama mtu aliyeacha kupokea simu. Zikisema "imeagizwa" hapo sasa kuna hela. Jifunze kutofautisha hayo maneno mawili na utaacha kujilinganisha na vitu ambavyo bado havipo.

Na ukifuata safari ya Horgan utaona mashimo ambayo habari za leo hazikuonyeshi. Yeye na Dennis Kelly, mwenzake wa kuandika Pulling, walishinda tuzo ya BBC ya kuandika vichekesho vifupi 2001. Hesabu mwenyewe, kutoka 2001 mpaka Pulling ni miaka 5. Pulling yenyewe watu waliipenda, ikaingizwa mpaka kwenye tuzo za BAFTA, ikakatwa, misimu 2 na kipindi kimoja kirefu cha kuagana 2009. Halafu 2012 akaandika Dead Boss na Holly Walsh, humo humo akaigiza, msimu 1 ikaisha. Yule mtu unayemwona ana jina mara tatu alishakatwa mara mbili kabla ya kupata kitu kilichodumu misimu 4, yaani Catastrophe.

Tuje kwenye kuchagua moja. Hili naona watu wanalipeleka kombo pande zote mbili. Wanaokwambia uchague wamekosea, kwa sababu kule Ireland mwigizaji anayeandika si kituko, ni kawaida kabisa. Mark O'Halloran wa Ennis kaandika filamu ya Adam & Paul ya 2004 na humo humo ndo anacheza Adam. Aisling Bea kaandika This Way Up ya 2019 akacheza mhusika mkuu, na Horgan akacheza dada yake. Sababu iko wazi, soko la ndani ni dogo, nafasi nzuri ni chache, mtu akikaa anasubiri simu ya ajenti atazeeka na simu mkononi. Kuandika ni kujipigia simu mwenyewe.

Lakini na wewe hapo umebeba kosa lako, usinichukie. Umesema kila kazi jina lake liko kama mwandishi na mwigizaji. Hapana. Divorce ya HBO, chaneli ya Marekani, ile ya 2016 mpaka 2019, aliibuni yeye, na mhusika mkuu akawa Sarah Jessica Parker. Motherland kaandika, wakacheza wengine. Bad Sisters ya 2022 kacheza, kaandika, ila wazo si lake la asili, imetoka kwenye tamthilia ya Kiflemi ya Ubelgiji inaitwa Clan, na aliijenga pamoja na waandishi wawili wa Marekani, Dave Finkel na Brett Baer. Catastrophe waliandika wawili na Rob Delaney, jamaa alianza kumjua kwenye Twitter. Unaona? Mara anajipanga mwenyewe, mara anampisha mwingine, na karibu kila mara ana mwenzake wa kuandika naye. Kwahiyo swali lako lisiwe "naweza kuwa vyote?" Unaweza. Swali ni kazi hii moja, hii ya dada wa Mombasa, unaing'ang'ania uicheze mwenyewe au la? Na hapo mi nadhani uing'ang'anie, maana sikia.

Chaneli ikitoa hela nyingi inataka sura inayojulikana, wanaogopa hasara, ubaya haupo hapo. We huna jina. Kwahiyo siku prodyuza akifika mezani na skripti yako, kitu cha kwanza kumtoka mdomoni kitakuwa "tunaweza kumpata fulani kwa huyu dada", na wewe utapewa nafasi ya nesi mwingine pale nyuma, kwenye stori yako mwenyewe. Nimeiona hiyo kwa macho yangu. Mwandishi mmoja niliyekuwa namhariria aliahidiwa nafasi kwa mdomo, na siku ya kasting akaitwa kama watu wengine wote, akakosa, akakaa nyumbani akaiangalia kwenye TV kama mgeni.

Njia ya kuzuia hilo si kelele, ni kufanya ile nafasi na wewe visitenganike. Mfano ninaoupenda zaidi hapa wala si Horgan, ni Emmet Kirwan wa Tallaght. Dublin Oldschool aliianza kwenye steji 2014, kwenye tamasha la Dublin Fringe, watu wawili tu jukwaani yeye akiwa mmoja wao, ikazunguka, watu wakaijua kwa sura yake na sauti yake. Filamu ilipokuja 2018 nani angesema tutafute mwingine? Wazo lilikuwa limeshavaa mwili wake. Chris O'Dowd naye, wa Boyle huko Roscommon, komedi yake Moone Boy ilianza kama filamu fupi tu ya chaneli ya Sky 2010, kitu kidogo kuhusu utoto wake, kisha ikawa misimu 3 na ikachukua tuzo ya Emmy ya kimataifa 2013. Ingawa yeye tayari alishajulikana kwa komedi ya The IT Crowd, kwahiyo mfano wake uchukue nusu.

Na angalia kitu kingine hapo. Moone Boy ni stori ya mji mdogo wa Ireland na aliyelipa ni Sky, London. Horgan miaka mingi kaandika maisha ya London, mpaka Bad Sisters ndo kairudisha kamera Dublin, kina dada wanaogelea Forty Foot kule Sandycove na baridi ile, na aliyelipa ni Apple. Kule Ireland kwenyewe hela ni ndogo, ndo maana waandishi wa Ireland wanauza ng'ambo ya maji tangu zamani. Serikali yao inarudisha sehemu ya gharama kwa punguzo la kodi, wanaliita Section 481, asilimia 32 ya gharama zinazokubalika, ndo maana wageni wanakuja kupiga picha huko. Hilo ni la prodyuza, halikuhusu wewe moja kwa moja, ila akikwambia "hakuna hela kabisa" ujue kwamba mazingira yenyewe si jangwa.

Haya, karatasi. Opsheni ni posa, dada. Mtu amekuja kuposa, hajaoa. Analipa kidogo ili kwa muda fulani stori yako asipewe mtu mwingine, yeye akatafute hela ya harusi. Akizipata analipa bei kamili, hiyo ndo mahari, na hapo ndo haki zinahama. Asipozipata muda ukaisha, stori inarudi kwako na kile kidogo alicholipa hakidaiwi. Mfumo wenyewe hauna ubaya, bila huo hakuna mtu angetumia mwaka wake kuhangaika na skripti ambayo kesho unampa jirani.

Euro 1 basi. Watu wengi wanadhani hapo ndo pana matusi. Mi hapana, hainisumbui sana, prodyuza mdogo kwa mwandishi mpya hizo namba zipo, kisheria inatosha kuonyesha kwamba kitu kimetolewa na kitu kimepokelewa. Kinachonisumbua ni euro 1 KWA MIAKA 3. Nani anaposa kwa miaka 3 kwa shilingi? Kwa kawaida utaona miezi 12 au 18, na akitaka kuongeza analipa tena, na safari hii si euro 1. Miaka 3 bila kulipa maana yake anaweza kuiweka kabatini akaendelea na mambo yake, na wewe umefungwa, mwenye hela ya kweli akija unamwambia samahani nimeposwa.

Halafu bei kamili mbona hujaitaja? Kama kwenye karatasi haipo, au imeandikwa "itajadiliwa", hiyo ni posa isiyo na mahari, rudisha. Bei iandikwe sasa, mara nyingi inawekwa kama asilimia ya bajeti ikiwa na kiwango cha chini. Uandikwe kwamba jina lako linakaa kama muundaji na mwandishi. Uandikwe kwamba marekebisho ya kwanza unafanya wewe, kwa malipo, kabla hajaitwa mwandishi mwingine. Na haki za steji ubaki nazo wewe! Hili usilisahau hata ukisahau mengine yote, maana karatasi nyingi zinasema "haki zote za aina zote", na ukisaini hiyo hata kuicheza ukumbini na kikundi chako cha wikendi unaomba ruhusa kwake.

Nafasi ya kuigiza: hatakuandikia kwamba utacheza, usitegemee, chaneli ndo yenye neno la mwisho na yeye hana cha kuahidi. Lakini anaweza kuandika kwamba utapewa nafasi ya kwanza ya kujaribiwa kwa mhusika huyo, rasmi, mbele ya dairekta, na kwamba yeye atakupendekeza. Ni kidogo, najua. Ila "tutaongea baadaye" ni sifuri.

Kuibiwa. Wazo halilindwi na sheria, dada wa Mombasa kwenye nyumba ya wazee mtu yeyote anaweza kuandika. Kinacholindwa ni ulivyoandika wewe, maneno, wahusika, matukio yalivyopangana, na ulinzi huo unaanza pale pale unapoandika, Ireland hakuna ofisi ya kwenda kusajili, sheria yao ya hakimiliki ya 2000 iko hivyo. Ile ya kujitumia skripti mwenyewe kwa posta ili muhuri uwe ushahidi ni hadithi za vijiweni. Weka nakala zenye tarehe, tuma kwa barua pepe, andika umemtumia nani lini, basi. Na kiukweli prodyuza mwenye akili ni rahisi zaidi kwake kukuposa kwa euro 1 kuliko kukuibia, hebu ifikirie hiyo.

Kumtumia Sharon Horgan moja kwa moja, usifanye hivyo. Si kwamba ana roho mbaya, hata simjui. Ni kwamba kampuni za huko nyingi hazisomi skripti iliyokuja bila ajenti wala bila kuombwa, hasa kwa sababu ya hiyo hiyo hofu yako, wanaogopa kesho waje kutoa kitu kinachofanana uwashtaki. Inarudi haijafunguliwa. Atakusoma siku mtu anayemwamini atakapomwambia nimeona mchezo mahali fulani.

Kwahiyo ningekuwa wewe ningeikata hiyo episodi ikawa mchezo wa dakika 50, watu wawili, wewe na mzee mmoja. Dublin mahali papo, Fringe ya Septemba, ukumbi wa Smock Alley wana tamasha lao la kazi changa Februari, na pale mkahawa wa Bewley's mtaa wa Grafton wana michezo mifupi ya saa ya chakula cha mchana. Screen Ireland, shirika la serikali la filamu, nao wana mfuko wa kuendeleza skripti ambao mwandishi anaweza kuomba mwenyewe bila prodyuza, vipindi vinafunguliwa na kufungwa, angalia tarehe na masharti. Ubaya wa njia hii ni kwamba ni taratibu, utachoka, utatoka zamu ya usiku unaenda mazoezi, na inaweza isizae chochote. Huyo prodyuza naye anaweza kuwa mtu mzuri kabisa ambaye tu alichukua karatasi mbovu ya mtu mwingine akabadilisha majina, wapo wengi. Ndo maana nasema mrudishie masahihisho, usimkatae. Atakavyoyapokea utamjua.

Sasa hili la mwisho hukuliuliza na kwangu ndo kubwa kuliko yote. Uko Dublin kwa kibali gani? Maana kama uko kwa kibali cha kazi ya nyumba ya wazee, ile wanayoiita Stamp 1 kwenye kadi yako ya uhamiaji, kibali kimeandikwa kwa kazi hiyo na mwajiri huyo, na hela ya uandishi inaweza kuhesabiwa umejiajiri, kitu ambacho hicho kibali hakikuruhusu. Ukiwa mwanafunzi wa Stamp 2 ni hivyo hivyo, kujiajiri hapana. Stamp 4, ile ya kukaa na kufanya kazi bila kibali cha kazi, hapo uko huru. Usiichezee hii kwa ajili ya euro 1, na usichukue jibu langu kama ndo la mwisho, hapa unahitaji mtu ana kwa ana, wakili wa uhamiaji aangalie kadi yako kabla hujapokea hata senti. Na ule mkataba usomwe na wakili wa mambo ya burudani, si yule wa viwanja. Wapigie pia Writers Guild of Ireland, chama cha waandishi, uliza uanachama na kama wana mtu wa kuutupia jicho mkataba. Upande wa uigizaji kuna Irish Equity.

Vyote hivyo haviishi mpaka Ijumaa, na hakuna sababu ya Ijumaa kuwepo, skripti haiozi kama samaki. Mwandikie leo, kwa heshima, mshukuru, mwambie umeipokea na inasomwa na wakili, utamjibu baada ya wiki mbili. Akikupigia kabla ya hapo kukukimbiza, mwambie hivyo hivyo, wakili bado anasoma. Hata kama huyo wakili bado unamtafuta.